Mkono wa Mchezaji Usiyemjua

Hidetaka Miyazaki, mbunifu wa gemu kutoka Japani, amewahi kusimulia siku aliyokwama kilimani wakati wa theluji. Magari yalikuwa yamefuatana, matairi yanazunguka bure. Mwishowe gari la nyuma likaanza kulisukuma la mbele, na msururu mzima ukapanda hivyo hivyo, kila mmoja akimsukuma mwenzake. Miyazaki akavuka, ila hakuweza kusimama kushukuru, maana angekwama tena. Akaondoka anajiuliza kama yule wa mwisho kabisa, asiye na wa kumsukuma, alifika kwake. Aliyewahi kusukuma daladala kwenye tope la masika hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 2009 kumbukumbu hiyo iliingia kwenye Demon's Souls, gemu ya PlayStation 3. Ni gemu ngumu kwelikweli, ya kufa na kurudi mwanzo, na sehemu kubwa unaicheza peke yako. Lakini sakafuni unakuta maandishi yanayong'aa yaliyoachwa na wengine: jihadhari mbele, hapa pana hazina, adui yuko nyuma ya nguzo. Walioandika huwajui. Nao hawakuandika wanachotaka, walichagua maneno yaliyokwisha kupangwa. Ujumbe ukikufaa, unaupa alama, na hapo hapo uhai wa aliyeuandika unaongezeka popote alipo mchezoni. Yuko sebuleni kwake katika mji usioujua, anapambana na zimwi, amebakiza pumzi moja, mara uhai unajaa wenyewe kwa sababu wewe umesimama mahali alipopita juzi ukapenda alichokiandika.

Wapo pia walioandika uongo. Ukingoni mwa genge unasoma kwamba chini kuna hazina, unaruka, unakufa. Wengine walikufa huku wanacheka. Seva za gemu ile zilizimwa mwaka 2018, na maandishi yote yakaenda nazo, ya kweli na ya uongo.

Nimeanza na Miyazaki kwa sababu vijana wanaocheza kwenye simu huniuliza swali moja: nifanyeje nisisahaulike? Wanamaanisha daraja, idadi ya waliouawa, mavazi ya mhusika yaliyonunuliwa kwa pesa halisi. Jibu langu huwachosha. Nawauliza wanitajie mchezaji mmoja asiye rafiki yao ambaye bado wanamkumbuka mwaka mzima baadaye, na wanamkumbuka kwa lipi. Sijapata bado anayenitajia idadi ya vifo.

Wangu mimi nilikutana naye kwenye PUBG Mobile, seva ya Mashariki ya Kati, usiku, bando likiwa linaelekea ukingoni. Tulikuwa wanne, hatujuani. Wawili walishakufa. Mimi nilipigwa nikaanguka, na kwa wasioijua gemu hii, ukianguka hivyo hujafa bado: unatambaa kwa magoti huku uhai unakwisha, ukisubiri mwenzako aje akuinue. Kukuinua kunamchukua takriban sekunde 10. Katika sekunde hizo hawezi kupiga risasi wala kusogea, na kila adui aliye karibu anajua hilo. Mwenzangu alikuwa mbali, salama, nyuma ya ukuta, na zilibaki timu chache tu. Angeniacha angepanda daraja. Alirusha bomu la moshi, kisha la pili, akakimbia ndani ya moshi ule akapiga magoti pembeni yangu. Hakusema neno. Tulikufa wote wawili dakika moja baadaye.

Kwa nini namkumbuka yeye na si wale walionipeleka kwenye ushindi? Kwa sababu ile safari ilikuwa na gharama, na gharama yenyewe niliiona kwa macho. Kwenye gemu karibu kila kitu kizuri hakina bei: kusema umecheza vizuri ni kugusa kitufe, kutuma ua au kikopa ni kugusa kitufe. Mchezaji anayehatarisha alichokihangaikia nusu saa kwa ajili ya mtu asiye na faida kwake ametoa kitu ambacho hakina kitufe. Gemu hazikufundishi hivyo, maana zinahesabu risasi, hazihesabu mtu aliyekuacha ukiwa na ari ya kurudi kesho.

Si wote wanaotafuta kitu kile kile, na hili lina historia yake. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kuunda MUD, ulimwengu wa maandishi matupu ambao watu kadhaa waliweza kuuingia kwa pamoja. Mwenzake Richard Bartle akauendeleza, na mwaka 1996 akachapisha makala iliyowagawa wachezaji kwa karata. Uru ni wanaosaka hazina na daraja. Shupaza ni wapelelezi, wanaochimbua siri za ulimwengu ule. Kopa ni wanaokuja kwa ajili ya watu. Pau ni wenye marungu, wanaofurahia kuwatesa wengine. Kwetu majina ya karata yalikuja na Wareno, hivyo utani wa Bartle, uliojengwa juu ya majina ya Kiingereza, unatukalia nusu nusu: uru asili yake ni dhahabu, na pau ni fimbo, hapo yuko sawa kabisa. Ila shupaza, ambayo jina lake la Kiingereza ni pia jina la sepeto, kwa Wareno ni panga, haichimbi chochote.

Pau huacha alama haraka kuliko wote, tusidanganyane. Agosti 1997 Richard Garriott, mbunifu wa Ultima Online, alijitokeza mbele ya wachezaji wakati wa majaribio ya gemu hiyo akiwa ndani ya mhusika wake, mfalme Lord British. Mfalme yule hakupaswa kufa, lakini seva ilikuwa imeanguka ikawashwa upya, na kinga yake haikurudishwa. Mchezaji aliyejiita Rainz akawasha moto wa uchawi, na mfalme akaanguka mbele ya umati wake. Hadi leo tukio hilo linasimuliwa. Anayelisimulia, hata hivyo, anasimulia kichekesho. Rainz mwenyewe hakumbadilisha mtu.

Je, watu wa pau wamezaliwa hivyo? Jenova Chen na wenzake wa studio ya thatgamecompany walipokuwa wanatengeneza Journey, iliyotoka mwaka 2012, walitaka wageni wawili wakutane jangwani na wasaidiane. Katika majaribio ya mwanzo wahusika waliweza kusukumana. Walichofanya wachezaji ni kusukumana kwenye magenge. Chen ameeleza kwamba mtu akiingia ulimwengu mpya anakuwa kama mtoto mchanga: hajui jema wala baya, anatafuta kile kinachojibu kwa kishindo kikubwa, na kumwangusha mwenzako kunajibu vizuri sana. Hakuwahubiria. Aliondoa uwezo wa kusukumana, akaweka kwamba wahusika wakigusana skafu zao zinapata nguvu na wote wanaweza kuruka. Watu wale wale wakaanza kutembea bega kwa bega.

Katika Journey hakuna maandishi, hakuna maiki, hakuna majina. Kuna mlio mmoja tu kama wa ndege, mrefu au mfupi kadiri unavyobonyeza. Wenye joho jeupe, yaani waliokwisha kukusanya alama zote zilizofichwa, wengi wao hurudi tena na tena kuwaongoza wageni: wanalia mara mbili, wanasubiri, wanaonyesha mlango. Majina ya uliokutana nao hutokea mwisho kabisa, gemu ikishakwisha.

Matusi nayo yamechunguzwa. Mwanasaikolojia Jeffrey Lin alipofanya kazi Riot Games, wenye League of Legends, timu yake iligundua kwamba sehemu kubwa ya matusi haikutoka kwa wakorofi sugu. Ilitoka kwa watu wa kawaida ambao siku hiyo mambo yao yalikwenda kombo. Hilo lilinibadilisha mimi binafsi. Anayenitukana kwenye maiki saa sita usiku huenda ametoka kugombezwa kazini, au mtandao wake unakwamakwama kama wangu. Siku hizi simjibu, namwachia dawa na risasi chini pale alipo, naendelea. Baadhi yao hunyamaza ghafla, na unyamavu ule una raha yake.

Lakini kama kuna mtu mmoja ambaye kila anayecheza mtandaoni angepaswa kumjua, ni Mats Steen wa Norway. Alizaliwa mwaka 1989 na ugonjwa wa Duchenne, unaodhoofisha misuli mwaka hadi mwaka hadi mwili unashindwa. Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, na miaka ya mwisho alitumia vifaa maalumu kucheza World of Warcraft kwa vidole vilivyobaki na nguvu kidogo. Wazazi wake, Robert na Trude, walimhurumia: kijana hana marafiki, hana mchumba, anaishi gizani na kompyuta. Alifariki Novemba 2014 akiwa na miaka 25.

Aliwaachia nywila ya blogu yake. Robert akaandika humo kwamba mwanawe amefariki, akaweka barua pepe yake kwa yeyote atakayetaka kuwasiliana. Barua zikaanza kuingia, moja, mbili, kisha nyingi, kutoka nchi mbalimbali za Ulaya. Ndani ya gemu Mats alikuwa Ibelin Redmoore, mpelelezi mwenye kifua kipana, katika kundi liitwalo Starlight. Watu waliandika kurasa kwa kurasa kuhusu alivyowasikiliza. Baadhi yao walisafiri hadi kwenye mazishi.

Alifanya nini hasa? Mambo madogo. Kulikuwa na msichana wa Uholanzi ambaye wazazi wake walimnyang'anya kompyuta. Mats akawaandikia wazazi hao barua kuwaeleza kile binti yao alichokipoteza. Kulikuwa na mama wa Denmark mwenye kijana mwenye usonji, ambao walishindwa kukaribiana. Ibelin akawashauri wacheze pamoja. Hakuwa malaika. Aliuficha ugonjwa wake kwa miaka, aligombana na marafiki, akarusha maneno makali, na baadaye akaomba radhi. Filamu ya Benjamin Ree kuhusu maisha yake, iliyotoka mwaka 2024, haifichi hayo. Ree aliweza kuonyesha mengi kwa sababu mazungumzo ya kundi lile yalikuwa yamehifadhiwa, neno kwa neno, kwa miaka.

Ukiyaangalia kwa jicho la fundi wa gemu, unaona kitu cha kushangaza. World of Warcraft haina kitufe cha kumsikiliza mtu wala zawadi ya kuwaandikia wazazi wa mwenzako barua. Watengenezaji walijenga mapanga, mazimwi na dhahabu. Mats alitumia nafasi iliyobaki wazi katikati ya mapigano, ile ya kusubiri wenzako waingie, ya kukaa kando ya moto, ya kumuuliza mtu mbona leo kimya.

Nafasi hiyo ipo kwenye kila gemu, hata hizi za simu zenye mechi ya dakika 20. Ipo kwenye lobi, watu wakisubiri ndege ya kuwapeleka uwanjani iruke. Ipo pale mgeni anapoifungua ramani anazubaa, na wewe ambaye umeshaijua unaamua kumkejeli au kumwekea alama pa kushukia. Wengi wetu tunaijaza na kelele au kutazama mavazi yetu wenyewe.

Mzazi unayesoma hapa, saa za kulala ni zako kupanga, na ruta ni yako kuzima. Ila leo, kabla hujaizima, kaa kitandani kwa mwanao umwulize anacheza na nani, wanatoka wapi, na wenzake huko wanamwitaje. Robert na Trude Steen walipata majibu ya maswali hayo kwa barua pepe.