Meno ya Kahawia si Uchafu
Sisi akina mama wa Arusha na Meru tumezoea kuwakaripia watoto wenye meno ya kahawia kwamba hawapigi mswaki. Tunawaonea. Miamba ya volkano ya Mlima Meru ina madini ya floridi, nayo maji yapitayo humo huyayeyusha. Mtoto akiyanywa kabla ya kutimiza miaka 8, meno ya kudumu hutoka yakiwa na madoa tayari. Floridi ikizidi sana hata mifupa hupinda. Kuchemsha huua vijidudu tu. Floridi hubaki, tena hukolea. Magadi nayo yanayo. (Maharage tuyaloweke usiku kucha, yataiva bila magadi.) Maji ya mvua ni salama zaidi: tuyakinge kwenye bati safi, tuyachemshe, tuwape kwanza wadogo.