Rangi pekee haitoshi katika masomo ya mtandaoni

MWANAFUNZI hujibu maswali ya kozi kwenye intaneti, kisha huarifiwa kwamba majibu ya kijani ni sahihi na mekundu yana makosa. Kwa asiyeweza kupambanua rangi hizo mbili, matokeo hayo hayana maana yoyote.

Hali hiyo, ambayo aghalabu hurithiwa, huwaathiri wanaume zaidi. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya kaskazini, huwapata takriban mwanamume 1 kati ya 12 na mwanamke 1 kati ya 200.

Mwongozo wa WCAG 2.0, uliotolewa na shirika la W3C mwaka wa 2008, hauharamishi rangi, kama wanavyolalamika baadhi ya wabunifu. Unachotaka ni rangi iambatane na neno au alama: penye kijani paandikwe "sahihi". Aidha, tofauti ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake isipungue 4.5 kwa 1. Kijivu hafifu juu ya nyeupe, mtindo unaopendwa mno, mara nyingi hakifikii kiwango hicho, na anayesomea kwenye simu juani huteseka hata akiwa na macho mazima.

Mwalimu anaweza kuuchapisha ukurasa wake kwa wino mweusi pekee. Kisichoeleweka hapo ndicho cha kurekebishwa.