Kiwiko cha Hewa: Kidude Kinachoamua Safari ya Ndege

Je, wajua kwamba injini ya ndege ndogo hula hewa nyingi kuliko petroli, tena mara 12 hadi 15 kwa uzito? Chukua Lycoming O-360, injini ya silinda nne yenye ujazo wa lita 5.9. Ikizunguka mara 2,700 kwa dakika, kwa hesabu inaweza kumeza karibu lita 8,000 za hewa katika dakika hiyo moja. Hewa yote hupitia kiwiko, bomba fupi lililopinda kati ya chujio na injini. Bomba likiziba, injini inakabwa koo.

Ndege ya kiwandani ina kiwiko chake chenye namba, unaagiza tu. Anayejiundia ndege nyumbani mara nyingi hukitengeneza mwenyewe, kwa faiba ya aina ileile inayotengenezewa boti. Ufundi huu ulishika kasi Marekani miaka ya 1970, Burt Rutan alipoonyesha kwa ndege yake VariEze kwamba mtu anaweza kuunda ndege bila kalibu za gharama: unakata povu gumu, unalivika kitambaa cha faiba, unapaka epoksi. Nat Puffer alichota mawazo hayo akabuni Cozy, na baadaye Cozy Mk IV ya watu wanne, injini ikiwa nyuma.

Kutengeneza kiwiko ni kazi ya kinyumenyume. Kwanza unachonga umbo la hewa yenyewe, yaani ule uwazi utakaokuwa ndani ya bomba, kwa kipande cha povu la polistairini. Unalisugua kwa msasa hadi liteleze, maana kila bonde utakaloacha litageuka kuwa nundu upande wa ndani, na hewa haipendi nundu. Kisha unapima epoksi na kigumishi chake kwa mizani, si kwa jicho, na kulaza vitambaa tabaka kwa tabaka huku ukikamua mapovu ya hewa na gundi iliyozidi.  Ikikauka, unamimina asetoni ndani: polistairini inayeyuka na kuwa ute, faiba inabaki. Ni sehemu tamu ya kazi, ila ifanyike mahali penye hewa na mbali na moto.

Ukiishia hapo, umekosea. Epoksi iliyokauka kwa joto la kawaida huonekana ngumu kama jiwe, lakini chini ya kifuniko cha injini inaweza kulainika. Kwa hiyo kifaa hurudishwa kwenye joto, mara nyingi ndani ya sanduku la kujitengenezea, ili gundi ikomae. Epoksi iliyotajwa kwa kiwiko cha Cozy, ikishakomazwa hivyo, huanza kulainika kwenye digrii 84 za sentigredi. Tena mchoro unataka kipande cha bomba jembamba la alumini mdomoni, upande wa chujio, ili hata faiba ikilegea mdomo usibonyee.

Machi 2025, Cozy Mk IV moja ilikuwa inakaribia kutua Gloucestershire, Uingereza. Rubani alisukuma mtambo wa kuongeza nguvu, injini haikuitika. Aliweza kuvuka barabara na vichaka vya mpakani, akatua kabla ya njia ya kurukia, akagonga mitambo ya kuongozea ndege na kupata majeraha madogo. Wachunguzi wa ajali za ndege wa Uingereza walikuta kiwiko kimelainika na kujikunja. Hakikuwa cha faiba: kilichapwa kwa printa ya 3D, kikanunuliwa kwenye maonyesho ya ndege Marekani. Mnunuzi alielewa kwamba plastiki yake hulainika kwenye digrii 105. Vipimo vya maabara vilitoa 52.8 na 54. Na kile kipande cha alumini hakikuwamo.

Mimi siilaumu printa. Kuna plastiki zinazostahimili joto kuliko epoksi nyingi. Kosa ni kuamini neno la muuzaji mahali ambapo kipimo kingewezekana. Ukiuziwa kiwiko kizuri cheusi kinachong'aa, usiulize uzito wala bei kwanza. Uliza kinalainika kwa digrii ngapi, na nani alikipima.