1.30 si saa moja na nusu

MUUZA saruji huhesabu mifuko ghalani. Ofisi ya uhandisi, ya ushauri au ya kutengeneza programu za kompyuta haina ghala. Bidhaa yake ni saa za wafanyakazi, na siku hizi saa hizo huandikwa katika programu za kusimamia miradi kama Jira na Redmine. Daftari hilo likikosewa, na ankara itakosewa.

Kosa moja tumelizoesha sisi wenyewe wa magazeti. Kwetu "saa 1.30" ni saa moja na nusu. Mfanyakazi akiandika 1.30 kwenye Redmine, kompyuta husoma desimali: saa 1 na dakika 18. Dakika 12 zimepotea. Alipaswa kuandika 1:30 au 1.5. Tuchukue mfano wa ofisi ya watu 10, kila mmoja akikosea hivyo mara moja kwa siku, siku 22 za kazi. Hizo ni saa 44 kwa mwezi. Ikiwa saa moja hutozwa Sh. 50,000, mwenye ofisi amemwachia mteja Sh. 2,200,000, na mteja hana habari.

Jingine huja na programu yenyewe. Jira hufika ikiwa imepangwa kwamba siku ya kazi ni saa 8. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 huruhusu saa za kawaida hadi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Basi katika ofisi ya saa 9, anayeandika "1d" kwa maana ya siku nzima amejipunja saa moja. Msimamizi anaweza kubadili kipimo hicho, ila afanye kabla mradi haujaanza.

Kuhusu wanaojaza wiki nzima Ijumaa jioni hakuna haja ya maelezo mengi: ukiona 8, 8, 8, 8, 8, hiyo ni kumbukumbu iliyochoka. Saa ziandikwe siku ileile, na mwezi ukishatolewa ankara ufungwe.

Mwenye hisa asidhani haya ni mambo ya karani. Kanuni ya kimataifa ya hesabu IFRS 15, iliyoanza kutumika Januari 1, 2018, inaruhusu kampuni kupima maendeleo ya mkataba kwa saa zilizofanyika. Mkataba wa Sh. milioni 100 uliokadiriwa saa 1,000, zikiandikwa 600, kampuni huonyesha mapato ya Sh. milioni 60. Kama 100 kati ya hizo ni za mradi mwingine, Sh. milioni 10 za mapato hayo hazipo. Kanuni hiyohiyo hairuhusu kuhesabu saa zilizopotea bure bila kutarajiwa, kwa mfano za kurudia kazi iliyoharibika. Kwa hiyo marudio yaandikwe peke yake, jambo ambalo kwa maoni yangu wasimamizi wengi hulikwepa kwa sababu linawaumbua.

Njia ya kupima maendeleo lazima ielezwe katika maelezo ya hesabu za mwaka. Ukikuta ni saa za kazi, uliza kwenye mkutano mkuu ni nani anayeziidhinisha, na kama anayeziandika ndiye huyohuyo.