Gunia la lumbesa na mgongo wa mpakiaji

KATIKA masoko na maghala mengi nchini Tanzania, mpakiaji hulipwa kwa gunia. Akiumia mgongo, kipato chake husimama siku hiyo hiyo, na mwenye mzigo hubaki na lori lisilojaa.

Wengi huambiwa dawa ni kujua kunyanyua: kunja magoti, nyoosha mgongo. Ushauri huo si mbaya, lakini mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa mafunzo ya kunyanyua pekee hayazuii maumivu ya mgongo. Mzigo mzito hubaki mzito.

Watoa tiba kwa vitendo, ambao hapa nchini hufundishwa KCMC mjini Moshi, huanzia kwingine. Mbali ya kumrudisha aliyeumia katika shughuli zake, huichunguza kazi yenyewe hatua kwa hatua: uzito, kimo cha kunyanyulia, umbali, idadi ya safari na mapumziko. Lengo ni kazi imfae mtu, si mtu aivumilie kazi.

Uzito ndio wa kwanza. Pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani (ILO), la mwaka 1967, linaweka kilo 55 kuwa ukomo wa mzigo wa mwanamume mzima. Taasisi ya NIOSH ya Marekani, katika kanuni yake ya mwaka 1991, huanzia kilo 23 tu, tena mzigo ukiwa karibu na mwili. Gunia la kilo 100 ni karibu mara mbili ya ukomo wa ILO, na lumbesa huzidi hapo.

Mkulima au mfanyabiashara afanye nini?

Kwanza, fungasha kwa kilo 50 au pungufu, na gunia la kilo 50 libebwe na watu wawili. Pili, panga magunia juu ya kichanja cha kimo cha kiuno, ili mtu asiinamie sakafuni. Tatu, tumia toroli, na ubao imara wa kupandia kwenye lori. Nne, weka mapumziko kabla watu hawajachoka.

Mkikubaliana gunia dogo, kubalianeni pia malipo kwa kilo. Vinginevyo mpakiaji atapunguziwa mzigo na kipato kwa pamoja, na kesho atairudia lumbesa mwenyewe.

Toroli moja hudumu miaka. Mgongo ukishaharibika, hauna duka la vipuri.