Kupanga Safari ya Hifadhi ya Saadani: Wakazi wa Fukayosi Waanze na Maji

Kata ya Fukayosi iko kati ya mito miwili mikubwa: Ruvu upande wa kusini na Wami upande wa kaskazini. Huko kaskazini, pale Wami unapokaribia Bahari ya Hindi, ndiko iliko Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Wageni huvuka bahari na mabara ili kuiona. Kwa mkazi wa Fukayosi ni mwendo wa kuondoka alfajiri na kurejea nyumbani jioni. Hata hivyo, wapo wakazi wengi wanaoijua hifadhi hiyo kwa masimulizi tu, na wapo walioanza safari bila maandalizi wakaishia kusukuma gari katika matope.

Makala haya yanaeleza namna familia, kikundi au shule inavyoweza kupanga safari hiyo kwa gharama inayobebeka na kwa usalama. Jambo la kwanza la kuzingatia si gari wala fedha, bali maji. Maji ndiyo huamua barabara ipi inapitika, wanyama watakuwa wapi, na mashua itaelea saa ngapi.

Hifadhi iliyofinyangwa na mto na bahari

Saadani ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 1,100 na imeenea katika mikoa ya Pwani na Tanga. Ndani yake limo lililokuwa Pori la Akiba la Saadani, eneo la iliyokuwa ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja, na Msitu wa Zaraninge. Sifa yake kubwa ni kwamba nyika, mto na bahari vimekutana mahali pamoja.

Katika nyanda za chini hupatikana twiga, nyati, pundamilia, nyumbu, kongoni, kuro, tohe na ngiri. Tembo na simba wapo pia, ingawa kuwaona kunahitaji subira. Katika Mto Wami wamo viboko na mamba, na kingo zake zina ndege wa aina nyingi. Karibu na mdomo wa mto hutawala mikoko, ambayo mizizi yake ni malezi ya samaki na kamba. Katika misitu huishi mbega weusi kwa weupe, na katika fukwe za hifadhi, hasa Madete, kasa hupanda usiku kutaga mayai mchangani.

Utajiri huo wote unatokana na tabia ya mto. Wami unapofurika, huacha tope lenye rutuba katika nyanda zake, majani huota, na wanyama wala majani hufuata. Maji yanapopungua, mabwawa machache yanayobaki huwakusanya wanyama hao pamoja. Mwenye kuielewa tabia hiyo amekwisha kupata nusu ya mpango wa safari yake.

Wakati gani wa kwenda

Mkazi wa pwani hahitaji kufundishwa majira. Masika huanza Machi na kuishia Mei; vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba. Kwa mtalii, majira hayo yana maana ifuatayo.

Juni hadi Septemba, na kwa kawaida hadi vuli inapoanza, ndicho kipindi bora kwa anayekwenda mara ya kwanza. Ardhi imekauka, majani yamepungua urefu, na wanyama hukaribia mto na mabwawa. Januari na Februari pia hufaa, ijapokuwa joto huwa kali. Wakati wa masika majani huwa marefu na wanyama hutawanyika kwa sababu maji yapo kila mahali. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya nyanda hizo ina udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao ukilowa hunasa gurudumu na kulishikilia.

Kuna hatari nyingine ambayo huwapotosha hata wenyeji. Wami hauanzii hapa. Chemchemi zake zinatoka katika milima ya Ukaguru na Nguru, na vijito vyake vingine huanzia mkoani Dodoma. Maji yanayopita Kilosa katika Mto Mkondoa, na yale ya uwanda wa Mkata ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, yote huishia katika Wami. Mafuriko yaliyoikumba Kilosa na kuharibu reli ya kati mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalitokea katika bonde hilihili. Kwa hiyo mto unaweza kujaa Saadani wakati anga la Fukayosi ni jeupe na hakuna tone lililoanguka kwa wiki nzima. Mpangaji wa safari asitazame mawingu ya hapa tu. Afuatilie pia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kwa mikoa ya Morogoro na Dodoma.

Anayetaka kutalii kwa mashua katika mdomo wa Wami azingatie pia kupwa na kujaa kwa bahari. Wakati wa bamvua, tofauti ya kina kati ya maji kupwa na maji kujaa katika pwani yetu huzidi mita 3. Safari iliyopangwa bila kuuliza saa ya maji inaweza kukuta mashua imekaa juu ya tope. Wavuvi wa pwani hupanga shughuli zao kwa mwezi, na mtalii hana budi kufanya vivyo hivyo.

Njia za kufika

Zipo njia mbili kuu kwa mkazi wa Fukayosi. Ya kwanza ni kufuata barabara ya lami ya Bagamoyo–Msata, yenye urefu wa kilomita 64, kuelekea upande wa Bagamoyo hadi Makurunge, kisha kupinda kaskazini kuelekea Lango la Gama na Mto Wami. Njia hii ni fupi, lakini baada ya kuiacha lami hali yake hutegemea mvua.

Ya pili ni kuelekea Msata, kuifuata barabara kuu ya Chalinze–Segera hadi Mandera, kisha kupita Miono na Mkange. Kutoka Mandera hadi Saadani ni takriban kilomita 60. Mzunguko ni mrefu zaidi, lakini ni njia mbadala wakati ile ya kwanza haipitiki.

Kabla ya kuondoka, mpangaji aulize hali ya njia kwa siku husika, si kwa wiki iliyopita. Wa kuulizwa ni ofisi ya hifadhi au dereva aliyepita huko siku mbili tatu zilizotangulia.

Gharama na namna ya kulipa

Raia wa Tanzania na wa nchi nyingine za Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, kwa kiwango kilicho chini sana kuliko kile wanachotozwa wageni kutoka nje ya ukanda huu. Mtoto wa chini ya miaka 5 halipi, na watoto wa miaka 5 hadi 15 hulipa kiwango pungufu. Ni muhimu kuchukua kitambulisho cha taifa, kwa kuwa uraia ndio unaoamua kiwango.

Viwango hupangwa na Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania, TANAPA, na hubadilika. Mpangaji aulize viwango vya sasa, pamoja na mambo manne: kibali cha kuingia hudumu kwa saa ngapi, ada ya gari ni kiasi gani, gharama ya mwongozaji au mashua, na kama kundi la wanafunzi lina utaratibu wake. Malipo ya Serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo kupitia benki au simu. Asiende mtu langoni na noti mfukoni akitarajia kulipa papo hapo.

Gharama za safari ni za aina mbili. Zipo za kila mtu, kama kiingilio na chakula, na zipo za pamoja, kama kukodi gari, mafuta, ada ya gari na mwongozaji. Hizi za pamoja ndizo huwavunja moyo wengi, nazo hupungua kadiri watu wanavyoongezeka. Kwa mfano wa hesabu tu, gharama za pamoja zikiwa shilingi 400,000, watu 8 watachangia 50,000 kila mmoja, ilhali watu 20 watachangia 20,000. Ndiyo maana kikoba, kikundi cha kina mama, kwaya, madrasa au darasa la shule ndicho chombo kinachofaa. Kikundi kinachoanza kuchanga Januari kinaweza kusafiri Julai bila mwanachama yeyote kuuza kuku wake.

Gari, mavazi na mahitaji

Basi dogo linaweza kutosha wakati wa kiangazi na katika njia kuu za hifadhi. Nje ya kiangazi linahitajika gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, lenye gurudumu la akiba, jeki, koleo na kamba ya kuvutia. Bodaboda si chombo cha kutalii hifadhini: haina kinga dhidi ya nyati wala simba.

Mavazi yawe ya rangi za majani makavu au kahawia. Nguo za buluu na nyeusi huwavutia mbung'o. Ndiyo sababu mitego ya wadudu hao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mikono mirefu husaidia mchana dhidi ya mbung'o na jioni dhidi ya mbu. Kila msafiri awe na maji ya kunywa ya kutosha kutwa nzima, chakula kisichoharibika upesi, na dawa anazotumia kila siku. Chakula kibebwe katika vyombo au vikapu, kwa kuwa mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019.

Adabu ya mgeni hifadhini

Wanyama huonekana vizuri zaidi alfajiri na alasiri, jua linapokuwa dogo. Msafara unaofika langoni saa 4 asubuhi umekwisha kupoteza saa zilizo bora. Ndani ya hifadhi, dereva habadili njia na kuingia majanini, haendeshi kwa kasi, na hapigi honi. Abiria hashuki isipokuwa mahali palipoidhinishwa, halishi wanyama, na haachi takataka. Kutembea kwa miguu kunafanyika kwa kibali na pamoja na askari wa hifadhi.

Mto una sharti lake la pekee: asinawe mtu, asioshe chombo wala asipige picha akiwa amesimama ukingoni. Mamba huvizia mahali panapozoeleka, na kiboko aliyezibiwa njia ya kurudi majini ni hatari kuliko anavyoonekana. Katika ufukwe wa kasa, alama za kiota zisiguswe. Mayai hukaa mchangani karibu miezi miwili kabla ya kuanguliwa, na nyayo moja yaweza kuyaharibu.

Maji yaleyale

Safari ya Saadani humwonesha mkazi jambo ambalo halionekani kutoka nyumbani. Mto unaowanywesha viboko ndio pia chanzo cha mradi wa maji wa Chalinze, kama vile Ruvu unavyolisha mtambo wa Ruvu Chini unaohudumia Bagamoyo na Dar es Salaam. Anayelima hadi ukingoni mwa mto hulegeza udongo. Udongo huo hujaza mkondo, na mkondo uliojaa hufurika mapema na kukauka mapema. Anayekata mikoko hupunguza mazalio ya kamba na samaki wanaouzwa sokoni. Kwa sababu hiyo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mtu aliyewahi kuona kundi la kuro likinywa maji Wami wakati wa Agosti huielewa sheria hiyo bila kuelezwa mara mbili.

Hifadhi hii ni mali ya taifa, na jirani yake wa karibu ana haki ya kuifahamu kabla ya mgeni wa mbali. Kikundi au shule inayokusudia kusafiri kiangazi kijacho ianze sasa kwa hatua tano: kuteua mratibu mmoja, kuorodhesha wasafiri na umri wao, kuuliza viwango vya TANAPA, kuchagua tarehe kwa kufuata majira na maji ya bahari, na kuweka tarehe ya pili ya akiba endapo mto utajaa. Taarifa ya msafara, njia itakayotumika na saa ya kurejea iachwe katika Ofisi ya Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, ili msafara ukichelewa watu wajue pa kuanzia kuutafuta.