Kuyumba kwa Usukani katika Pikapu Kuukuu

Dereva wa Hilux ya zamani yenye kuendeshwa kwa magurudumu yote manne, ya lile tabaka lililoanza kutolewa mwaka 1979 likiwa na ekseli nzima ya mbele iliyofungwa kwenye springi za bapa, huifahamu vyema adha ya gari lisilokubali istikama: barabara imenyooka, upepo umetulia, naye hana budi kuurekebisha usukani mara kulia mara kushoto pasi na kupumzika. Adha hiyo yafaa ipambanuliwe kwanza, kwani gari livutalo upande mmoja tu aghalabu lina tairi lenye upepo haba au breki iliyokwama, ilhali lile liyumbalo huku na huku lina mwanya mahali fulani baina ya mikono ya dereva na ardhi, na mara nyingi si mwanya mmoja bali mingi midogo iliyojumlika.

Kwa sababu hiyo nasikitika kila nimwonapo fundi akikimbilia kuikaza skrubu ya boksi la usukani kabla hajatazama kingine chochote. Gari hubeba roho za watu pamoja na mizigo, na uchunguzi wake wapaswa kuanzia chini kupanda juu. Matairi ya mbele yawe ya aina moja na yenye upepo sawa. Mzigo nao usirundikwe nyuma ya ekseli ya nyuma, kwani huinua pua ya gari hata magurudumu ya mbele yakakosa uzito wa kushika njia.

Kisha, gari likiwa limesimama kwa uzito wake wote juu ya ardhi na magurudumu yake yamewekewa vigingi, mtu mmoja auchezeshe usukani kidogo kidogo huku mwenziwe akiweka kiganja juu ya kila kiungo, kuanzia fimbo itokayo katika boksi hadi vichwa vya tairodi. Mahali ambapo upande mmoja wa kiungo hutangulia na wa pili ukachelewa, hapo ndipo penye ubovu, na kiganja huuhisi kabla ya jicho kuuona.

Baada ya hapo gurudumu liinuliwe kwa jeki, nayo ekseli iwekwe juu ya stendi madhubuti, kisha lishikwe juu na chini na kutikiswa. Likicheza, msaidizi akanyage breki: mchezo ukitoweka, beringi za gurudumu ndizo zilizolegea, ukibaki, lawama ni ya beringi za kingpini, yaani mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia, nazo katika Hilux hizi hukazwa kwa kupunguza shimu nyembamba, na ukazo wake hupimwa kwa mizani ya springi, si kwa makadirio ya mkono. Hakuna jaribio jingine jepesi kama hili litoalo hukumu iliyo wazi kiasi hicho.

Viungo vyote vikiwa thabiti na gari bado linayumba, itazamwe pembe ya kingpini. Kama uma wa baiskeli ulivyolazwa nyuma, na kwa ajili hiyo gurudumu likapenda kunyooka lenyewe, ndivyo kingpini ipaswavyo kuelemea nyuma kwa juu. Lakini shakeli za mbele zilizorefushwa ili kuinua gari huizungusha ekseli na kuipunguza pembe hiyo, na dawa yake ni kabari ya chuma baina ya springi na ekseli. Isisahauliwe nyuma pia, maana yubolti zilizolegea au bushi zilizokwisha huiacha ekseli ya nyuma isogee na kuliongoza gari bila ya idhini ya dereva.

Hapo tu ndipo ifikiwe skrubu ya boksi. Magurudumu yakiwa yamenyooka sawasawa, nati yake ilegezwe na skrubu izungushwe kidogo kidogo, madhali meno ya ndani yameundwa yabanane zaidi katikati kuliko pembeni. Usukani usiorudi wenyewe baada ya kona umekazwa kupita kiasi, na lazima ulegezwe mara moja. Na ikiwa mwanya wa katikati hauondoki mpaka usukani uwe mgumu kwenye kona, basi meno yamelika, na boksi hilo halina marekebisho tena ila kufunguliwa na kutiwa vipuri vipya.